Umenunua kompyuta mpya? Soma hapa kabla hujaifuta ya zamani

Mwanga Stesheni

Habari za jioni wakuu.

Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, hapa Kigoma watu wengi wanabadilisha mashine. Kompyuta nyingi za zamani hazipokei Windows 11, kwa sababu inadai TPM 2.0 (kijisehemu cha usalama ndani ya mashine) na prosesa za miaka ya karibuni. Basi mtu anajibana, anaagiza nyingine Dar, na ikishafika tu ile ya zamani inafutwa apewe mdogo wake anayesoma Kasulu, au inauzwa. Baada ya muda anakuja pale dukani: "Kaka, zile picha za baba enzi za uhai wake zilikuwa kwenye folda gani vile?"

Swali hilo linaniuma kila nikilisikia, maana mara nyingi picha zenyewe hazipo tena duniani. Ndiyo sababu naandika uzi mrefu. Mwenye haraka asome hata hii aya ya kwanza inayofuata, mengine atayarudia akitulia.

Kukopi ni kazi nyepesi, hata mtoto wa darasa la nne anaiweza. Kazi ngumu ni kujua vitu vyako vinakaa wapi. Wengi niliowaona wakipoteza mafaili hawakuangushwa na waya wala flashi. Hawakujua kwamba kitu fulani kipo, wala kipo upande gani wa mashine, kwa hiyo hawakukibeba.

Tuanze. Fungua "This PC", ingia diski C, kisha Users, kisha folda yenye jina lako. Humo ndani ndimo kuna Desktop, Documents, Downloads, Pictures, Music na Videos. Watu wengi wanabeba Documents na Pictures tu. Nenda Downloads ukaangalie kwa macho yako: ndiko viliko vyeti ulivyotumiwa kwa barua pepe, mikataba, fomu za mkopo, risiti. Halafu rudi nyuma uangalie C yenyewe, kuna watu wanafungua folda pale juu kabisa, "C:\KAZI" au "C:\Picha harusi". Kama mashine ina D, usiisahau.

Kisha kuna vilivyofichwa. Juu ya dirisha bofya View, weka tiki kwenye "Hidden items". Itatokea folda inaitwa AppData. Usiibebe nzima, ni kubwa na imejaa takataka za programu, lakini ndani yake kuna vitu vya thamani. Anayetumia Outlook ya kompyuta ajue barua zake zinaweza kuwa kwenye faili lenye mwisho wa .pst, ama AppData ama Documents kwenye folda ya "Outlook Files". Kama akaunti yako ni ya ule mtindo wa kushusha barua na kuzifuta kwenye seva, hilo faili ndiyo nakala pekee iliyobaki. Vile vikaratasi vya njano vya Sticky Notes navyo vinakaa humo. Nawajua watu wenye namba za wateja wote kwenye vile vikaratasi, hawajaziandika popote pengine.

Programu hazihamishwi kwa kukopi. Ukibeba folda ya "Program Files" ukaipesti kwenye mashine mpya haitafanya kazi, kwa sababu programu ikiwekwa huandika mambo yake sehemu nyingi ndani ya Windows. Programu unaiweka upya, unachobeba ni kazi ulizofanya nayo. Kwa hiyo kabla ya yote piga picha kwa simu orodha ya programu ulizo nazo, na tafuta funguo (namba za leseni) za zile ulizolipia.

Jambo la mwisho kwa leo: nakili, usikate. Ctrl+C, kamwe isiwe Ctrl+X. Ukikata halafu umeme ukakatika katikati, unabaki na nusu huku na nusu kule, na hujui ipi ni ipi. Ukinakili, mashine ya zamani inabaki kama ilivyokuwa na unaweza kuanza upya hata mara ngapi.

Maswali yaleteni hapa, nitajibu kadiri nafasi inavyoruhusu.

Mama Mawese

Asante sana kaka, umenifungua macho maana hiyo Downloads nisingeigusa. Nina biashara ya mawese na dagaa hapa Kibirizi, hesabu zangu zote ziko Excel. Nimenunua flashi ya TB 2 kwa mmachinga, bei yake ilikuwa nzuri. Itatosha kuhamishia?

Mwanga Stesheni

Dada yangu, usiweke kitu humo kwanza. Flashi ya TB 2 kwa bei ya kuokota, mara nyingi ni ya uongo. Nakueleza inavyofanya kazi ili uelewe hatari yake.

Ndani ya flashi kuna kontrola, yaani kijisehemu kinachoiongoza, inayoiambia kompyuta "mimi nina nafasi kiasi hiki". Matapeli wanachukua flashi ya GB 16 au 32 wanaipanga iseme TB 2. Kompyuta inaamini. Unapokopi, GB za kwanza zinaingia vizuri kabisa. Ukifika mwisho wa nafasi ya kweli, haikwambii imejaa: inaendelea kupokea, inaandika juu ya vilivyotangulia au inavitupa. Mstari wa kijani unafika mwisho, majina ya mafaili unayaona yote, hata ukubwa wake unauona. Siku ukibofya ufungue, faili limeharibika. Wakati huo mashine ya zamani ilishafutwa.

Ipime kabla. Kuna programu ndogo ya bure ya Wajerumani, inaitwa H2testw. Inaijaza flashi data za majaribio mpaka mwisho, halafu inazisoma tena moja moja kuona kama zimerudi kama zilivyoandikwa. Fanya hivyo flashi ikiwa tupu. Itachukua muda mrefu, acha usiku. Ikikuletea maandishi mekundu, irudishe kwa aliyekuuzia.

Kwa hesabu za Excel pekee hata flashi ya GB 16 ya kweli inatosha na kubaki.

Gungu Juu

Naongezea. Flashi nyingi zinakuja na mfumo wa kupanga mafaili uitwao FAT32, huo haupokei faili moja linalozidi GB 4. Mtu ana video ya send-off ya GB 6, anaambiwa faili ni kubwa mno wakati flashi ina nafasi tele, anadhani imekufa. Dawa ni kuifomati iwe exFAT, mfumo unaopokea mafaili makubwa. Kufomati kunafuta kila kitu, kwa hiyo toa vilivyomo kwanza.

Mstaafu wa Ujiji

Vijana salaam. Mimi nina mashine ya siku nyingi yenye Windows 7. Ndani kuna picha nilizoskani za miaka yangu bandarini, za meli ya Liemba, za wazazi, na maandishi ya ukoo niliyoyakusanya kwa wazee ambao wengi sasa ni marehemu. Siku hizi ikiwaka inagonga ndani, tak tak tak, inatulia, inagonga tena. Kufungua folda moja ni kusubiri mpaka chai inapoa. Kijana mmoja wa jirani ameniambia nipige chkdsk itapona. Nifanyeje?

Mwanga Stesheni

Shikamoo mzee.

Nakuomba uizime sasa hivi kabla ya kusoma mengine. Usiiwashe kuangalia "kama bado inagonga". Huo mlio ni wa diski yenyewe: ndani kuna sahani zinazozunguka na kichwa kinachosoma juu yake bila kugusa. Kikianza kugonga hivyo, kila dakika inayowaka inaweza kuwa inakula picha zako.

Na chkdsk usiipige. Kazi yake ni kurekebisha mpangilio wa mafaili, na inafanya hivyo kwa kuandika kwenye diski hiyo hiyo inayokufa. Inaweza kukata majina ya folda nzima. Kwa diski isiyo na hitilafu ni sawa, kwa diski inayogonga ni kumkimbiza mgonjwa aliyevunjika mguu.

Marahaba wa Tabora

Shikamoo mzee, nami nichangie, hizi kazi nazifanya hapa Tabora, mtaa wa Isevya.

Mleta uzi yuko sahihi. Diski hiyo itolewe kwenye mashine. Kwa kompyuta ya umri huo itakuwa ni SATA ya inchi 2.5 kama ni ya kubeba, inatoka kwa kufungua skrubu chache tu. Inawekwa kwenye kikasha chenye waya wa USB, inachomekwa kwenye kompyuta nyingine iliyowashwa kwa Linux (mfumo mwingine badala ya Windows) kutoka kwenye flashi. Nasema Linux kwa sababu Windows ikiona diski inaanza kuichokonoa yenyewe, inatafuta picha ndogo za kuonyesha, inapitisha kinga ya virusi, yote hayo yanaichosha.

Kisha inatumika ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu. Uzuri wake ni kwamba haing'ang'anii palipoharibika. Inanyonya kwanza maeneo mazima yote, inaruka mabovu, na inaandika ramani ya ilipopita. Mwishoni ndiyo inarudi kwenye yale mabovu kujaribu tena. Hata umeme ukikatika, ukiianzisha na ramani ile ile inaendelea ilipoishia. Picha zinakuja kutafutwa ndani ya nakala, siyo ndani ya diski mgonjwa.

Mzee, kama huna mtu wa karibu mwenye kuijua hiyo programu, diski ifungwe vizuri kwenye sponji ipelekwe kwa anayeijua. Asikuambie mtu "ngoja niwashe nione" mara tatu nne.

Mstaafu wa Ujiji

Marahaba wanangu. Nimeizima. Kesho mjukuu wangu anaitoa hiyo diski, na kuna binamu yake anakuja Tabora kwa treni, ataibeba mkononi. Nitawasiliana nawe faragha mwanangu wa Isevya.

Kata Waya

Mnajisumbua bure wakuu. Mimi nafanya "clone" ya diski nzima ya zamani naipachika kwenye mashine mpya, kila kitu kinakuja kama kilivyo, programu, mafaili, mpaka picha ya ukutani. Saa mbili kazi imeisha.

Mwanga Stesheni

Mkuu, njia hiyo ni nzuri sana kwa kazi yake: unapotoa diski ya kuzunguka na kuweka SSD, yaani diski isiyozunguka, kwenye mashine ile ile. Hapo naiunga mkono kabisa.

Kwenye mashine nyingine ni tofauti. Unabeba Windows ya zamani yenye madereva (programu za kuendesha vifaa) ya mashine ya zamani, na leseni yake mara nyingi imefungwa kwenye ubao mama wa kule, kwa hiyo utaambiwa haijasajiliwa. Mtu aliyeikimbia Windows 10 anajikuta ameihamishia kwenye kompyuta mpya. Kama kulikuwa na virusi, navyo vimehamia. Na ile Windows 11 iliyokuja na mashine mpya umeifuta.

Ila nakubaliana nawe kwa jambo moja: nakala ya diski nzima, ikiwekwa pembeni kwenye diski ya nje, ni akiba nzuri. Ukigundua mwezi ujao kuna kitu ulikisahau, unaifungua na kukichukua.

Mwl wa Kasulu

Salaam. Swali langu ni la umeme. Nina GB 180 hivi, nyingi ni picha na video za wanafunzi kuanzia nilipoajiriwa, pamoja na matokeo na maandalio ya masomo. Kila nikianza kukopi kwenda diski ya nje, umeme unakatika, betri ya hii ya zamani haishiki hata dakika. Nikianza tena inaniuliza "replace au skip", sijui kipi kilikuwa kizima.

Mwanga Stesheni

Mwalimu, achana na kukopi kwa kipanya. Windows yenyewe ina amri inaitwa robocopy, ipo tayari, huhitaji kushusha kitu. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, uandike mstari huu (mfano jina lako ndani ya Users ni Asha na diski ya nje ni E):

robocopy "C:\Users\Asha" "E:\Asha" /E /XJ /XD AppData /R:1 /W:1

Maana yake: /E ibebe folda zote na zilizo ndani yake. /XJ iruke njia za mkato za mfumo, bila hiyo inaweza kuzunguka mahali pamoja bila mwisho. /XD AppData iiache hiyo folda, utachukua kwa mkono vile vichache unavyovitaka. Na hizo mbili za mwisho ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri: usipoziandika, robocopy ikikuta faili haisomeki itajaribu tena mara 1,000,000, na kila mara inasubiri sekunde 30. Utadhani imeganda. Hapo tumeiambia ijaribu mara 1, isubiri sekunde 1, isonge mbele.

Umeme ukikatika, ukirudi unaandika mstari ule ule. Vilivyokwisha kufika inaviruka, inaendelea na vilivyobaki. Mwisho inakupa jedwali: ngapi zimekopiwa, ngapi zimerukwa, ngapi zimeshindikana. Safu ya "FAILED" isome vizuri. Ikiwa na namba yoyote zaidi ya sifuri, panda juu uone ni faili gani. Mara nyingi ni lile lililokuwa wazi, kama Outlook au Excel. Funga programu zote urudie.

Onyo moja, na hili nawaomba sana: mitandaoni mtakutana na watu wanaoandika /MIR. Hiyo inafanya kule mwisho pafanane na mwanzo, pamoja na kufuta kule vilivyomo ambavyo huku havipo. Ukikosea ukageuza C na E, unafuta mafaili yako mwenyewe. Kwa kazi hii haihitajiki.

Na kama mafaili ni madogo madogo maelfu kwa maelfu, usishangae spidi ikishuka. Video moja ya GB 2 inapita haraka kuliko picha ndogo 20,000 zenye uzito ule ule. Chomeka kwenye tundu la USB 3, mara nyingi lina rangi ya bluu ndani.

Binti wa AMUCTA

Habari kaka, mimi nasoma Tabora. Sina diski ya nje wala flashi kubwa, na bando la kupandisha kila kitu Google Drive siliwezi. Kuna njia?

Mwanga Stesheni

Ipo, na haili bando. Washa hotspot kwenye simu yako halafu zima data. Unganisha kompyuta zote mbili kwenye hotspot hiyo. Kwenye zote weka programu inaitwa LocalSend, ni ya bure (kuishusha ndiyo sehemu pekee itakayotumia intaneti). Zitaonana, unachagua folda, unatuma. Mafaili yanapita hewani kati ya mashine na mashine kupitia simu, hayaendi nje. Kuna simu chache zinazozuia mashine zilizoungwa zisionane, ikitokea hivyo jaribu simu ya mwenzako.

Kama unapata waya wa mtandao, ule wenye vichwa kama vya simu za mezani ila vinene kidogo, na kompyuta zote zina tundu lake, unachomeka mashine moja kwa moja kwa nyingine na spidi inakuwa kubwa zaidi.

Kuhusu Google Drive: nafasi ya bure ni GB 15, na Gmail yako inahesabiwa humo humo. OneDrive ni GB 5. Weka huko vile vidogo visivyorudi tena, kama utafiti wako na vyeti. Filamu na nyimbo ziache.

Binti wa AMUCTA

Asante. Halafu kwenye folda ya Documents naona mafaili mengine yana alama ya wingu pembeni. Hayo yanakopika?

Mwanga Stesheni

Umeuliza jambo ambalo nilipaswa kuliandikia aya yake, maana linawaliza watu.

Alama ya wingu maana yake faili halipo kwenye kompyuta yako. Jina lipo, ukubwa unaonekana, lakini lenyewe liko OneDrive. Windows siku hizi ukiingia kwa akaunti ya Microsoft inaweza kuzihamishia Desktop, Documents na Pictures huko bila wewe kuona tofauti. Ukijaribu kukopi bila intaneti linakataa. Ukiwa na intaneti litashushwa kwanza, na bando lako litaisha ghafla usijue limekwenda wapi.

Ukiwa chuoni kwenye Wi-Fi, bofya kulia folda nzima, chagua "Always keep on this device", subiri mawingu yote yageuke tiki za kijani, ndipo ukopi. Au kama unataka kuendelea na OneDrive, ingia akaunti ile ile kwenye mashine mpya, utayakuta. Hakikisha tu neno la siri la akaunti hiyo unalikumbuka LEO, kabla ya kuachana na mashine inayolikumbuka kwa niaba yako.

Gungu Juu

Tena hapo kwenye maneno ya siri. Watu wameyahifadhi yote Chrome, hawakumbuki hata moja.

Mwanga Stesheni

Ni kweli mkuu. Anayeingia Chrome kwa akaunti yake na kuruhusu kusawazisha, yatamfuata. Asiyetaka, kwenye mipangilio ya maneno ya siri kuna sehemu ya kuyatoa, inakupa faili la .csv. Tahadhari: faili hilo linasomeka na yeyote, kila neno la siri liko wazi kama barua. Libebe, liingize kwenye mashine mpya, kisha lifute pande zote pamoja na kwenye flashi. Usilitume kwa WhatsApp, na usiliache kwenye kompyuta ya stationery, hata iwe yangu.

Mzawa wa Katubuka

Wakuu mimi yangu imekufa ubao mama, haiwaki kabisa. Fundi ametoa diski akaichomeka kwenye kompyuta yake, inaomba "recovery key" ya namba 48. Mimi sijawahi kuweka kitu kama hicho.

Marahaba wa Tabora

Hukuweka wewe, Windows iliweka. Hiyo ni BitLocker, kufuli la diski. Kwenye mashine za karibuni ukiingia kwa akaunti ya Microsoft linaweza kujifunga lenyewe, na ufunguo unatunzwa kwenye akaunti hiyo. Chukua simu, ingia account.microsoft.com kwa barua pepe uliyotumia siku ya kwanza kuiwasha kompyuta, nenda kwenye vifaa vyako, utaikuta hiyo namba. Linganisha "Key ID" iliyoko kwenye skrini na iliyoko kwenye akaunti, zikifanana ndiyo yenyewe.

Bila huo ufunguo hakuna fundi anayefungua, wa Kigoma wala wa Kariakoo. Atakayekuambia anaweza kwa malipo ya awali, mkimbie.

Wengine ambao mashine zenu bado nzima, ingieni huko leo mkaandike hiyo namba kwenye daftari.

Mzawa wa Katubuka

Nimeipata kaka! Ilikuwa kwenye ile barua pepe ya zamani. Diski imefunguka, ila nikiingia folda yangu inasema sina ruhusa.

Marahaba wa Tabora

Bofya "Continue" usubiri. Inabadilisha umiliki wa folda, ikiwa kubwa inakawia. Usichomoe.

Mwl wa Kasulu

Mrejesho: robocopy imemaliza, umeme ulikatika katikati, nilipouandika tena mstari ule ikaendelea ilipoishia. FAILED ni 0. Sasa nahakikishaje kabla sijaiuza ya zamani?

Mwanga Stesheni

Hongera mwalimu. Bofya kulia Documents ya zamani, Properties, soma idadi ya mafaili na "Size". Fanya hivyo kwa Documents mpya. Vilingane. "Size on disk" ikitofautiana usihangaike, hiyo inategemea diski ilivyofomatiwa. Fanya folda kwa folda, siyo kwa jumla.

Kisha fungua mafaili kwa macho. Usitazame vile vipicha vidogo tu: fungua picha ya mwaka wa kwanza, ya katikati, na ya juzi. Fungua video usogeze mpaka karibu na mwisho wake. Fungua matokeo ya kidato kimoja. Aliyekopi kwa kipanya ataona pia tarehe ya "Date created" imekuwa ya siku aliyokopi, hiyo ni kawaida. Panga kwa "Date modified", au kwa picha tumia "Date taken", hiyo imo ndani ya picha yenyewe.

Kuuza: usiuze mapema. Tumia mashine mpya kwanza mpaka upitie kazi zako za kawaida, kufunga muhula, kutoa ripoti, ndiyo utajua kama kuna kilichosahaulika. Wakati huo diski ya nje uliyohamishia usiifute nayo, ikae nyumba nyingine kama inawezekana.

Siku ya kuuza, kwa usalama zaidi toa diski ubaki nayo, muuzie mtu mashine na diski nyingine. Ukiuza nayo, usitosheke na kufuta mafaili, maana yanarudishwa kirahisi. Nenda "Reset this PC", chagua "Remove everything", halafu kwenye mipangilio ya ziada washa "Clean data". Kwenye diski ya kuzunguka inachukua saa nyingi, kwa hiyo ipate umeme wa uhakika. Kwako wewe mwalimu hili ni lazima, humo kuna taarifa za watoto wa watu.

Mama Mawese

Kaka nimerudi. Ile flashi ilikuwa ya uongo kweli, amenirudishia hela yangu baada ya kumwonyesha. Nimehamisha kwa flashi ya shemeji, mafaili yote yamefika. Tatizo: daftari langu la jumla la mwaka linachukua hesabu kutoka madaftari ya kila mwezi. Nikilifungua kwenye mashine mpya linasema haliwezi kusasisha viungo, na namba zinabaki zile za mwezi uliopita hata nikiingiza mpya.

Mwanga Stesheni

Dada, hesabu zako ziko salama. Lile daftari la jumla linakumbuka anwani ya zamani. Mashine ya kwanza folda yako ilikuwa labda C:\Users\user, hii mpya ni C:\Users\jina lako, kwa hiyo linayatafuta madaftari ya miezi mahali ambapo hapapo.

Fungua daftari la jumla, nenda Data, bofya "Edit Links" (kwenye Excel za karibuni imeandikwa "Workbook Links"). Utaona orodha ya madaftari ya miezi. Chagua la Januari, bofya "Change Source", mwonyeshe lilipo sasa. Endelea mwezi kwa mwezi. Ukimaliza hifadhi, funga, fungua tena, badilisha namba moja kwenye mwezi wowote uone kama jumla inasogea.

Tengeneza kwanza nakala ya daftari hilo kabla ya kuanza. Na madaftari ya miezi pamoja na la jumla yaweke yote kwenye folda moja.

Mama Mawese

Januari hadi Aprili zimekubali. Mei inaniletea majina mawili, "Mei" na "Mei mpya(1)". Nichague lipi?

Mwanga Stesheni

Usichague kwa jina. Yafungue yote mawili, tazama mauzo ya mwisho yaliyoandikwa ndani ya kila moja ni ya tarehe ngapi, na ulinganishe na daftari lako la karatasi kama unalo. Lenye kufika tarehe 31 ndilo uunganishe. Lile jingine usilifute, libadilishe jina tu liwe "Mei ya kuangalia".